Kijiji Kinasubiri Chujio Langu

Shangazi Joha, shikamoo. Naomba msaada wako, maana usingizi sipati.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma mjini, nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili Ulaya, masomo ya vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, wanayaita nanoteknolojia, humo fizikia, kemia na biolojia zimetiwa chungu kimoja, na kemia niliiacha zamani kwa hiyo hata kufaulu naogopa, lakini kubwa ni kwamba siku ya kuniaga kijijini kwetu, ukishapita eneo la Zuzu, Mjomba Yotham, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliniuliza, "Mwanangu, hayo madude madogo yatatufaa nini sisi?" nami nikaeleza kwamba wataalamu wanatafuta chujio lenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanapita, chumvi inabaki, basi Shangazi, kisima chetu ni cha chumvi, vigelegele vikapigwa, baba akabebwa juujuu, mjomba akatangaza, "Anyesi anatuletea chujio!" nami nikatabasamu tu.

Sasa watu wamegoma kuchangia bomba la maji matamu, wanasema ya nini kuhangaika wakati Anyesi anarudi, na kanisa lililoahidi kutoa nusu linataka nusu yetu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nasafiri Jumanne. Nikisema ukweli baba ataaibika. Nimefikiria niondoke kimya, niwaandikie nikifika. Nifanyeje?

Anyesi, Dodoma

Marahaba, Anyesi. Hongera, na pole kwa hofu. Kemia utaiweza, wewe mwenyewe unajua mwanafunzi mzito anavyofaulu akikaa chini akasoma.

Sasa nikugombeze. Hukudanganya, ila vigelegele vilikunogea. Na huko kuwaandikia ukiwa Ulaya ni kukimbia, usijipambe. Barua yako itafika kanisa limeshapeleka fedha kijiji kingine. Baba ataaibika jioni moja, ndiyo. Ukinyamaza, ataaibika kila mama akipita na ndoo ya maji ya chumvi.

Jumapili nenda kijijini. Mwambie baba kwanza, mkiwa wawili, asije akasikia hadharani. Mjomba naye umwone kabla ya ibada. Watu wakitoka kanisani, simama mwenyewe useme chujio hilo bado linatafutwa na wengi, huenda likachukua miaka, na huenda wewe usiwe miongoni mwa watakaolipata. Usiwafundishe fizikia! Toa mchango wako wa bomba palepale, uwe wa kwanza.

Wakinuna, wanune. Utaondoka bila vigelegele, lakini mama yako atakuwa anachota maji matamu hujamaliza hata mwaka wa kwanza.