Mama Aliyewasha Taa Mchana Kutwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamkosea tena mama yangu. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi magari, na miaka yote nyumba yetu ilikuwa ikishinda imefungwa, umeme ukitutosha mwezi mzima, hadi baba alipofariki mama akaja kuishi nasi, basi uniti za umeme zikawa hazifiki hata wiki mbili. Nikirudi nakuta taa zinawaka kila chumba, redio inaongea jikoni, televisheni inaongea sebuleni, birika la umeme lina moto, na mama amekaa peke yake. Nikamwambia, "Mama, hii ni nyumba au ukumbi wa harusi?" Akajibu, "Nimekusikia, mwanangu," na tangu siku hiyo hakugusa swichi. Juzi nimetoka zamu mapema nikakuta mapazia yamefungwa, mlango wazi, nikaita asiitike, nikapita chumba hadi chumba, nikatoka mbio na sare yangu huku nalia, nikamkuta kwa jirani yetu fundi cherehani, anashona vifungo na kucheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. Nilikaa chini kando yake. Mama akaniambia, "Huku kuna watu. Kule nilikuwa nawasha ili nisikie kama kuna mtu." Mshauri, moyo umetua, na mume wangu anasema tumwache awe anashinda huko, lakini ndugu zangu watasema nimemfukuza mama kwa sababu ya umeme. Nifanye nini?

Muuguzi mwenye aibu

Dada muuguzi, pole kwa mbio zile, na hongera kwa kumkuta anacheka. Kuna waliokuta mengine. Sasa nikuseme kidogo. Mgonjwa akitetemeka unamuuliza anaumwa wapi. Mama yako mzazi, mjane, ulimuuliza habari za swichi. Nyumba iliyokuwa tupu sasa ina mtu, na mtu hutumia umeme, ulitarajia nini? Tena redio na taa hazili sana. Mla uniti ni birika. Asubuhi mwachie chai kwenye chupa, yatosha.

Leo hii mwombe radhi, kwa mdomo wako, usimtume mumeo. Akitaka kwenda kwa fundi cherehani, aende. Akitaka kubaki, awashe apendavyo. Ndugu wakisema, wakaribishe waje kushinda naye kwa zamu, utaona watakavyonyamaza. Na siku yako ya mapumziko usifue, usipige pasi. Kaa naye.