Masale ya Mpakani

Emiliana na Semboja,

Uji uko kwenye chupa. Maharage yabandikeni mapema, na mbuzi asifunguliwe.

Nimekwenda kumleta mwenyekiti wa kitongoji. Asubuhi jirani yetu Mzee Sadala ameng'oa masale yote ya mpakani. Anasema yameingia shambani kwake, na mchana trekta linakuja kulima. Nikamwambia, "Mzee, yale matatu ya pembeni si mpaka." Akacheka: "Mama Emiliana, nyie Wasambaa sale likiota tu, mmeshapata shamba."

Kwetu Lushoto sale hupandwa mpakani, na kaburini pia. Pale pembeni amelala dada yenu wa kwanza. Hakumaliza wiki. Ndiyo maana huwa nayamwagilia, na nyie mnanicheka.

Mkimwona mzee ~~msimwamkie~~ mpeni shikamoo yake. Alihamia baadaye, hajui.

Emiliana, chukua kigoda ukakae pale mpaka nirudi. Ukisikia mtoto mchanga analia, usikimbie. Anaitwa Yuditha. Mimi nikimwita hunyamaza.

Mama yenu