Nyuso Zisizo za Mtu Yeyote

Jumatatu, 3 Februari

Kazini Eden Prairie saa mbili. Barafu njia nzima kutoka Burnsville, magari yanatambaa. Chai imemwagikia koti. Mkutano mwingine wa akili unde. Meneja anataka kila tangazo lipitie kwenye mashine kwanza. Wiki jana ilitupa tangazo la maziwa, ng'ombe ana miguu mitano. Mteja akapenda, akasema linachekesha. Kazi gani hii, jamani.

La maana leo: filamu ya Nekesa imeletwa kwetu tuitangaze. Nekesa alikuja huku ughaibuni kusoma, sasa ni mwelekezi, hii ndiyo filamu yake ya kwanza. Wauguzi wawili Wakenya, wanawake, wanapendana. Hakuna anayekufa. Hakuna anayeombewa pepo limtoke. Wanapika, wanagombania zamu ya kuosha vyombo, wanazeeka. Niliitazama peke yangu kwenye chumba cha mikutano nikalia kama mtoto. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kujiona kwenye filamu yoyote.

Nilitaka kumpigia Njoki wangu hapo hapo. Alikuwa zamu hospitalini.

Alhamisi, 6 Februari

Waigizaji wamekataa nyuso zao ziwekwe kwenye bango. Siwalaumu. Filamu mtu huifuata mwenyewe, analipa, anaketi. Bango humfuata mtu hadi kwenye simu, na kesho yake liko Kenya kwa shangazi yako.

Nekesa akasema basi mashine itengeneze nyuso zisizo za mtu yeyote. Wazo zuri. Nikapewa mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Siku nzima nabishana na mashine. Naiambia wanawake wawili Waafrika wanaopendana. Inanipa dada wawili. Naiambia si dada. Inanipa mama na binti. Naiambia wapenzi, inanipa vidosho wawili wa magazeti, shanga hadi masikioni, na twiga nyuma yao. Twiga! Huku kwenye theluji!

Haijui kabisa. Haijapata kuonyeshwa.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeipa picha yetu.

Ile ya baridi ya mwaka juzi, mtoni Champlin, karibu na kwao Njoki. Njoki ananifunga zipu ya koti hadi kidevuni, amekunja uso kama anamvisha mtoto mkaidi. Tulikubaliana haitatoka kwenye simu yangu. Miaka mitatu tumekaa hivyo. Kwao mimi ni rafiki wa kanisani. Mama yake huniita mwanangu na kunifungia chapati za kubeba.

Niliiambia mashine ibadilishe nyuso zote mbili, iache jinsi walivyosimama. Ikaelewa mara moja. Lo, ni nzuri! Nyuso za watu wasiokuwepo duniani, lakini mapenzi yale ni yetu. Nilikagua macho, pua, meno, masikio. Nikakuza picha mara kumi. Si Njoki. Si mimi.

Sijamwambia. Nitamwambia siku ya onyesho la filamu, nimkonyeze gizani, atacheka.

Ijumaa, 14 Februari

Bango limetoka. Ofisi nzima imepiga makofi. Nekesa amenikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Ameniuliza nimeifikishaje mashine hapo. Nikasema subira tu. Nimevimba kichwa leo, sikatai.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Baada ya ibada mama mmoja wa kamati amelituma bango kwenye kundi la akina mama, na maneno yake: tazameni watoto wetu wanafundishwa nini. Simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine pale kwenye meza ya chai.

Mama Njoki alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akavaa miwani. Akaangalia kwa muda mrefu sana kuliko wenzake. Akachukua mkoba wake akaondoka, chai yake hajainywa.

Nilijiambia amechoka.

Jumatatu, 17 Februari

Sweta.

Nilikagua macho na meno. Sweta sikuitazama. Mashine haikuigusa. Ile ya maruni yenye mistari ya manjano, aliyoivaa Njoki pichani, ambayo Mama Njoki alimfumia mwanawe kwa mkono. Uzi wa manjano ulimwishia kwenye kiwiko cha kushoto, akamalizia na manjano nyingine, iliyopauka. Duniani iko moja tu. Aliyeifuma haihitaji kuona uso.

Njoki amenipigia kutoka maegesho ya hospitali. Jana jioni mama yake alitoa sweta kabatini akaiweka mezani, akaiweka na simu kando yake. Akauliza tu, ni wewe? Njoki angeweza kukana. Angesema wameiba picha. Akajibu ni mimi. Mama yake akamwambia kwamba nyumba ile ina madhabahu, kwa hiyo achague kati ya nyumba hiyo na mimi. Ametoka na mifuko miwili.

Nikamwambia njoo kwangu. Akasema, "Kwako? Wakio, mimi nilitaka kumwambia mama mwenyewe. Siku yangu. Kwa mdomo wangu."

Halafu akasema picha za dunia nzima zilikuwepo, kwa nini ile. Jibu ninalo sasa: nilitaka tuonekane. Mimi nilitaka, bila kumuuliza yeye.

Jumanne, 18 Februari

Nimemweleza Nekesa ukweli wote. Amelia, kisha amenikasirikia, kisha ameliondoa bango. Sasa yapo maandishi matupu tu. Lakini kwenye simu za watu bado linatembea. Binamu yangu wa Voi amenitumia leo na vicheko. Hajui.

Njoki hapokei.

Jumamosi, 22 Februari

Amenizuia kwenye simu. Ujumbe wa mwisho: usinitafute.

Nimeenda hospitalini hata hivyo. Msichana wa mapokezi akasema ameacha kazi. Nikakaa garini, kioo kikaganda, sikuwasha hita. Majuto ni mjukuu, walisema. Huyu wangu amekuja upesi.

Jumamosi, 8 Machi

Onyesho. Ukumbi umejaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Wasichana wawili wa chuo mbele yangu wameshikana mikono kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakilia na kucheka. Filamu inafanya kazi yake. Nilifurahi kwa ajili yao, kweli nilifurahi.

Kiti cha pembeni yangu nilikuwa nimemwekea Njoki. Ujinga. Mtu aliomba akae, nikamwachia.

Jumatano, 12 Machi

Meneja ananiuliza ile mbinu ya bango, niwafundishe wenzangu. Nikasema sikumbuki nilivyofanya. Akanipa tangazo la sabuni.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Ni wiki ya nne sasa. Theluji inayeyuka, paa linadondosha maji tangu asubuhi.

Saa nane mchana simu imelia. Mama Njoki. Nilikaribia kuidondosha. Hakunisalimu. Akasema, mpe Njoki simu.

Nikasema hayuko hapa, Mama.

Akasema nisimfiche. Kwamba amepika githeri, kwamba mtu hawezi kununa mwezi mzima, kwamba aje ale kwanza, hayo mengine Mungu anayajua. Aliongea haraka, kana kwamba aliyafanyia mazoezi.

Nikasema tena hayuko hapa. Hajawahi kuja kwangu. Nilidhani amesharudi kwako.

Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa. Wiki nne kila mmoja wetu alilala akijua Njoki yuko kwa mwenzake.

Tukahesabu pamoja waliobaki wa kuuliza. Shangazi yake Njoki wa Texas, Mama atampigia. Marafiki wa shule ya uuguzi, mimi nitawatafuta. Niliandika nyuma ya bahasha. Majina yalikuwa matano tu.

Kisha akasema tuombe. Aliomba kwa Kikuyu, polepole. Naelewa kidogo, cha kufunzwa na Njoki. Aliombea njia anazopita, na mahali anapolala, na mikono ya watu wanaompa chakula. Jina la Njoki alilitaja mara nyingi. Langu hakulitaja.

Nikasema amina. Akakata simu, nikaanza kumpigia wa kwanza kwenye bahasha.