Treni Iliyokata Mbio Zako

Mwalimu,

Mbio zako bado zipo. Nianze na hilo, maana ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya hali ya watoto wako. Kila Jumamosi alfajiri watu wanajaa uwanjani hapa Voi, bure kabisa, na wageni bado wanauliza hizi ni kampeni za nani na fulana zinagawiwa wapi. Lile zizi lako la kamba ya mkonge, la kupokea wanaomaliza mmoja mmoja, halitoshi tena. Juzi tuliliunga kwa leso.

Anayeziongoza mbio sasa ni Rehema. Ndiyo, Rehema wa duka la vitambaa, uliyemkaribisha mwaka wako wa mwisho. Akisema "songeni nyuma, wapenzi," umati unasonga. Mimi nikisema, wanauliza huyu ni nani.

Nina wivu, Mwalimu. Sikufichi, na wewe ndiye uliyeuanzisha.

Siku tulipokuzika kwenu Mghange, kasisi aliomba watu wachache waseme neno. Mimi langu nilikuwa nalo tayari. Miaka minne nilikuwa nimelitunza, tangu siku ile umati ulipokata kamba nikausukuma nyuma peke yangu, ukanishika bega: "Karani, bila wewe hizi mbio ni fujo tu." Mimi, karani wa vifurushi pale stesheni, ambaye hata nyumbani chai hainisubiri. Nilikuwa nalilalia na kuliamkia neno lile. Nilitaka watu wa kwenu walisikie.

Rehema akanitangulia. Akasimama na buibui lake lenye vumbi la safari, akafuta machozi, akasema, "Marehemu aliniambia, Rehema, bila wewe hizi mbio ni fujo tu."

Akasimama mama anayetupikia chai, naye hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha Katana anayewagawia wakimbiaji maji. Watu wakaanza kucheka huku wanalia, wakipigana mabega. Mimi nilibaki nimekaa kwenye nyasi, mdomo unawaka utadhani nimetafuna pilipili. Neno langu nikarudi nalo. Mwalimu, hata mwenye wake watatu hujitahidi kumtafutia kila mmoja jina lake! Sisi ulitugawia sentensi moja sote.

Halafu mke wako akatoa filimbi yako kwenye mkoba, akampa Rehema. Wakati huo nilikuwa nimeinuka, nimesimama palepale kando ya mke wako.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka kila Ijumaa jioni nilikuwa napita kwako na habari za treni za mizigo za kesho yake, ili upange mbio zivuke reli kabla au baada. Hilo lilikuwa letu wawili. Wengine walidhani ni bahati tu, kwamba treni hazipiti saa ile. Baada ya wewe kufa nilimpelekea Rehema habari hizo wiki mbili tatu, kwa shingo upande, bila kumweleza ninazitoa wapi wala kwa nini. Akazoea kwamba nikinyamaza, njia ni nyeupe.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilijua. Treni kutoka Mombasa ilikuwa imechelewa, ingepita Voi saa moja na robo asubuhi, wakati ambao wakimbiaji wanavuka. Nilipita mbele ya duka lake. Akaniita, "Karibu kaka, kahawa ipo." Nikamwambia nina haraka, nikaenda zangu.

Sikutaka mtu aumie. Nakuapia. Nilitaka watu wakwame kidogo juani, wanung'unike, mmoja aseme enzi za Mwalimu mambo hayakuwa hivi. Nyanya yangu alikuwa akitufundisha kwamba mwenye wivu anataka chake, mwenye kijicho anataka mwenzake akose. Nilikuwa nimevuka kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili na sikujiona.

Treni ikaja. Ikawakata katikati, nusu wakavuka, nusu wakabaki upande wa mashamba ya mkonge. Ikapunguza mwendo, ikasimama hapohapo kwenye kivuko, mabehewa kushoto na kulia mpaka jicho lichoke. Watu wakaanza kusukumana. Kulikuwa na mama mmoja, muuza nyanya wa Maungu, aliyelala kwa dada yake mjini ili akimbie, na alitaka kuwahi kurudi kabla ya mabasi ya Mombasa kupita mbele ya meza yake. Akaona treni imelala, akainama, akaingia chini ya behewa.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Miguu yangu, Mwalimu, ilikataa.

Yale mabehewa yakagongana, yaani treni inaanza kuondoka. Rehema alipiga mbio na buibui lake, akamkamata sketi, akamvuta kwa nguvu mpaka sketi ikachanika na wote wawili wakaanguka kwenye kokoto. Gurudumu likapita pale palipokuwa na goti la yule mama. Niliona. Bado naona.

Kisha Rehema akainuka, akapiga filimbi, akawaketisha watu wote chini kwa mistari, kila mmoja alipofika, akawaandikia namba za kungojea viganjani kwa kalamu ya duka. Namba zote zilisomeka. Hakuna aliyegombana tena.

Tulipokunywa chai, sisi wa kujitolea, alisimama akasema, "Kosa ni langu. Nilipaswa kuulizia treni, sikuulizia. Niwieni radhi." Wote wakamwambia aache, halikuwa kosa lake. Mimi nilikoroga chai isiyo na sukari. Akaniongezea maandazi mawili, akasema uso umenisawijika.

Sijapona wivu. Hata sasa nikiisikia ile filimbi, moyo unaniuma. Ningependa kukwambia nimekuwa mtu mwema, ila ungecheka, unanijua. Nimejifunza tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni yangu.

Pumzika, Mwalimu wangu. Uliniachia kazi ndogo na nikaifanya silaha. Naahidi hivi: kesho Ijumaa nitaipokea ile kahawa, nitamwambia Rehema peke yake kwanza. Keshokutwa, umati ukishakusanyika, nitaomba nafasi mbele ya wote, yule mama wa Maungu akiwepo. Nitawaambia kwamba treni ile ilikuwa na mtu aliyeijua tangu jana yake, na mtu huyo ni mimi. Kisha nitasubiri waamue kama ninastahili kushika kamba.