Salamu za Kinyozi

Dada yangu,

Huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena. Mama ameiona picha yako, anasema umenenepa, hongera.

Uliuliza hali ya Baba. Bado anafungua kibanda chake cha kunyolea kila asubuhi, na mkono wake bado mwepesi. Ila juzi fundi saa, jirani yetu ambaye Baba amemnyoa tangu sisi tuko shule, aliketi kitini akaulizwa, "Nikunyoe vipi, bwana?" Akadhani anataniwa. Kabla ya hapo, mkasi tulioutafuta nyumba nzima ulikutwa kwenye kopo la sukari, na Baba akafoka kwamba kuna mtu anamchezea. Mama anasema ni uzee tu, tusikuze mambo. Nawe ulisema hivyo hivyo, maana kwenye simu Baba ni hodari wa kucheka na kuitikia.

Jana nilikwenda kunyolewa. Alinifunga kitambaa shingoni, akaanza maongezi yake ya wateja: mvua, mpira, bei za vitu. Halafu, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, akauliza kwa adabu, "Na mzee wako hajambo?"

Nikamtazama kwenye kioo. Hakuwa akitania.

"Hajambo," nikasema.

"Mfikishie salamu zangu."

Kichwa amekinyoa vizuri, hakina kasoro. Daktari atamwona wiki ijayo. Njoo, dada. Salamu ninazo bado, na sijui nizipeleke wapi.

Ni mimi, mdogo wako