Kufunga ni Kinyume cha Kufungua

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Jina lako silitaji, kama ambavyo sijawahi kulitaja, hata kwenye karatasi ambayo huenda usiisome. Utanijua kwa mwandiko wangu, huu uliokuwa ukisema unakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji.

Siwezi kutulia. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili na nimeunguza maharage. Nikikaa nasimama, nikisimama nachungulia barabarani. Kesho ni siku ya gulio, na lori la fundi majiko litatoka Kasulu kuja hapa Kagerankanda kumchukua Mjusi. Mwanao amekwisha kubali. "Gari lisilowaka ni bati," anasema, "na bati kazi yake ni majiko." Nikamwambia nimemaliza kulifunga, kila nati iko mahali pake. Akaniuliza, "Basi mbona huliwashi?" Sababu unaijua, Baba.

Nakumbuka ulivyoingia nalo, mwaka ule wa vurugu za Burundi. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya hapa nyumbani. Tulijua wewe ni dereva huko Bujumbura, wa tajiri wa kahawa uliyemwita patroni, na tulitazamia urudi kwa miguu na mkeka kichwani kama wengine. Badala yake tukasikia mngurumo, kikatokea kitu chekundu, kifupi, cha milango miwili na viti viwili tu, taa zake zikafumbuka kama macho. Watoto wakatawanyika wakipiga kelele, "Mjusi! Mjusi!" Jina likakaa. Hata salamu hujatoa ukasema, "Si yangu hii. Patroni kaniambia niivushe, atanifuata. Ataikuta kama alivyonipa."

Patroni hakuja. Na Mjusi naye, kabla masika hayajaisha, akagoma. Akatoa moshi mweupe, akakohoa, kimya. Mafundi wa Kasulu wamezoea malori na pikipiki. Walifungua boneti, wakatazama, wakafunga. Mmoja akasema injini hiyo ilifungwa na mtu mwenye hasira.

"Hii inataka kitabu chake," ukasema. "Cha kiwandani, kinachoeleza boliti moja moja."

Nikauliza, maana mdomo wangu unaujua, "Kwani lilikuja bila kitabu?"

Ukageukia migomba. "Kilikuwamo kwenye buti ya gari. Kinene hivi. Nilikichoma Kibondo."

Ukatusimulia. Mvua usiku kucha, watu waliovuka wamejazana chini ya miti, watoto wa watu usiowajua wanatetemeka, kuni mbichi. Ukachana ukurasa wa kwanza kuwashia moto, ukachana wa pili, hadi kukapambazuka na kitabu kimebaki majalada. "Kiliivisha uji," ukasema. "Tena uji mzuri." Tulicheka hadi mwanao akatoka ndani kuuliza kulikoni. Siku ile ndipo nilipoanza kukupenda kama baba na si kama mkwe wa kuogopwa.

Kisha tukaanza kukitafuta kitabu kile kile ulichopikia uji. Wewe ukiniagiza, mimi nikiandika barua, Bwana Salumu wa duka la spea Kasulu akizituma kwa ndugu zake wa Tanga. Kikaja cha kwanza, cha trekta. Kikaja cha pili, jina la gari ni lile lile, ila ni la familia, lenye milango mitano na nafasi ya mbuzi nyuma. Mimi nililia kwa hasira. Wewe ulikipekua taratibu, ukasema, "Huyu ni binamu yake. Tumsalimie tu, atatuonyesha nyumbani kwao." Cha tatu kilitoka kwenye gereji moja ya Tanga iliyokuwa imefungwa, kikapanda treni hadi Kigoma, kikafika Kasulu kimefungwa kwa kanga. Ulinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Ukafunua, ukafunua, ukasimama penye mchoro wa nyaya za umeme. "Huu niliuchoma mapema," ukasema. "Kuni zilikuwa mbichi sana."

Lakini kilikuwa cha Kiingereza, na msomaji hapa nyumbani ni mimi na kamusi yangu ya kidato cha nne. Na mimi ni mkamwana. Mkamwana haketi ubavuni kwa baba mkwe, hampi kitu mkono kwa mkono, na kiti cha baba mkwe hakikalii hata kama nyumba inaungua. Basi nikabeba kigoda changu cha jikoni, nikakaa nyuma ya gari nikikupa mgongo, nikasoma kwa sauti. Boliti nilizitia kwenye ungo, nikausukuma kwa kijiti hadi ulipoufikia. Wapita njia walidhani naendesha ibada.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," ulikuwa ukilalama huko chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Kisha, "Ego, mukazana. Ndiyo, mkamwana, soma tena hapo."

Tuligombana pia. Kitabu kiliandikiwa gari lenye usukani kulia, na Mjusi usukani wake uko kushoto, kama magari yote ya Burundi. Nikisoma kulia unapapasa kulia, hamna kitu. "Kitabu chako kinadanganya!" Nami nikajibu, "Kitabu changu? Changu sijakichoma." Ukacheka hadi ukagonga kichwa kwenye ekzosi.

Ila kuna sentensi moja uliyoichukia kwa dhati. Kila sura inaeleza kufungua kwa kurasa na kurasa, kisha mwishoni wanaandika mstari mmoja: kufunga ni kinyume cha kufungua. Basi. Ulikuwa ukitema mate. "Mwambie huyo mwandishi aje afunge yeye. Ukifungua, gasketi inachanika. Boliti inavutika. Hakirudi kitu kama kilivyokuwa." Siku nyingine ukaongeza, taratibu, kama unaongea na injini, "Na watu wanasema hivyo hivyo. Eti kurudi ni njia ile ile."

Nilikuuliza siku ile, likiwaka mimi nitapanda wapi. Viti ni viwili, kimoja chako, na cha pili kimekigusa chako bega kwa bega. Ulifikiri sana. "Hilo," ukasema, "kitabu hakijaandika."

Halafu likaja neno kwamba patroni ameonekana hai huko milimani Burundi, anauliza watu wake. Silinda hedi ilikuwa imelala kwenye gunia, tunasubiri gasketi kutoka Tanga. Ukavaa koti, ukadandia lori la Kibondo. "Endelea kusoma," ndiyo kwaheri yako hiyo.

Gasketi ilikuja. Nilijisomea mwenyewe, nikainama mwenyewe, nikakaza mwenyewe, tena nikiwa nimesimama, kwa sababu wiki ile uliyoondoka kigoda changu kilipotea. Nimemshuku mama Yusta wa jirani, hatusalimiani hadi leo. Betri nimeichajisha kwenye mashine ya kusaga. Kuhusu wewe, hakuna habari. Wanaovuka nawauliza, wanatikisa kichwa. Mwanao zamani alisema "Baba akirudi". Siku hizi anasema "kama".

Na huyu Mjusi hawashwi kwa kupenyeza mkono dirishani. Kabureta lililolala miezi linataka mguu ukanyage pedali, mara kadhaa, huku ufunguo unazungushwa. Lazima mtu akae kwenye kiti chako. Nilimwomba mwanao. Akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Nikikalia kiti cha baba, nimeshamzika." Nikaelewa kwamba majiko ni visingizio. Anaogopa kiti. Bora gari likatwe kuliko yeye kukaa pale na kukubali. Nami naogopa vile vile, Baba. Nimeapa hujafa, sasa nikalie kiti chako vipi? Lakini nisipokaa, patroni akija atakuta majiko, na neno lako litakuwa limevunjika mikononi mwangu.

Nimeweka kalamu chini. Naenda kuzunguka uwanja tena.

Nimerudi. Usitazame mwandiko.

Nilikwenda kulivua gari turubai lote ulilolifunika ulipoondoka, si upande wa boneti tu niliozoea kuukunja. Nikasimama mbele ya mlango wako, mlango ambao sijawahi kuufungua. Nikapiga hodi, cheka ukitaka. Nikapiga magoti kama nikusalimiavyo, nikasema, "Nisamehe, Baba." Nikavuta kitasa.

Kiti chako hakimo.

Mahali pake kuna kigoda changu cha jikoni. Umekikata miguu, umekitoboa, umekifunga sakafuni kwa boliti nne, zimekazwa haswa. Mtu wewe! Miezi mingapi namnunia mama Yusta wa watu!

Nikakaa. Kwenye kigoda changu mwenyewe, ndani ya gari lako, bila kuvunja mwiko wowote. Nikakanyaga pedali, nikazungusha ufunguo. Akakohoa. Nikakanyaga tena. Akakohoa, akanyamaza, moyo wangu nao ukanyamaza. Mara ya tatu Mjusi akawaka, Baba. Akawaka! Kuku wamekimbilia migombani.

Mwanao alikuja mbio kutoka shambani, jembe mkononi. Akachungulia ndani, akakiona kigoda. Akaenda moja kwa moja chumbani kwako, ambako hajaingia tangu uondoke na mimi siruhusiwi kuingia. Akatoka analia na kucheka pamoja. Anasema kiti chako cha gari kipo dirishani, kimeelekezwa mlangoni, na umekifunika kwa ile kanga iliyoleta kitabu.

Lori likija kesho litarudi bila Mjusi. Litabeba barua hii hadi Kasulu, na kutoka Kasulu nitaomba ipelekwe Kibondo, ikakungoje palepale ulipopikia uji. Usiku huu nitakwenda kwa mama Yusta kuomba radhi.

Nimekuelewa kuhusu ule mstari. Kurudi si kinyume cha kuondoka. Rudi hivyo hivyo, ulivyochanika, tutatafuta gasketi nyingine. Kiti chako hakijakaliwa na mtu.

Mkamwana wako,
bado nasoma.