Sahani ya Papa Furaha

Maman Furaha,

Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya mgahawa, na hata kukaa hapa naona haya. Tangu tukuzike nimejitahidi kuushika mgahawa kama ulivyonifundisha. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, bado naletewa na wanawake wa kisiwa cha Nkombo, wateja bado ni wachukuzi wa mpakani, na kila jioni kabla ya kufunga naacha sahani ya mumeo, Papa Furaha, kwenye dirisha la nyuma.

Tangu vita vimkute ng'ambo ya mpaka, Bukavu, hukuwahi kufunga bila kuiweka. "Weka chakula ya mzee. Atakuya na njaa." Asubuhi tulikuta sahani tupu, imeoshwa, imefunikwa. Nikikuuliza nani anakula, ulicheka tu: "Kama si mzee, ni muntu mwenye njaa." Sahani hiyo hukuitia chumvi. Nilidhani unasahau kwa mawazo. Ulipoondoka nikaitia mimi, tena ya kutosha, kwa heshima ya mzee.

Basi chakula kikaanza kubaki nusu. Nikakasirika, mwizi gani huyu wa kuchagua? Nikamshuku Bahati, yule mchukuzi anayeegesha mizigo yake ukutani kwetu, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Mdomo wangu unaujua. Aliweka kijiko chini, akatoka.

Kesho yake upande wa sahani uliolika ulikuwa umesuguliwa, na majivu kidogo yamebaki ukingoni. Nilisimama nayo mkononi. Mtaani kwetu siku hizi wote wanaosha kwa sabuni. Namjua mmoja tu anayesugua vyombo kwa majivu, na ndiye aliyenifundisha kuosha nikiwa mtoto.

Nikarudi nyumbani kumuuliza mama yangu, ninayeishi naye. Hakubisha. Kwangu, kila nikipakua, alikuwa anasema, "Miye nimeshiba, patia batoto," nami nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi. Mimi ninayelisha nusu ya Kamembe! Akaniambia presha yake haitaki chumvi, na kwamba wewe ulijua. Kisha akanieleza ulichomwambia siku zilipokufikia habari za kifo cha mumeo: "Mzee hatakuya tena. Kuya ukule wewe. Lakini usimuambie binti yako, atapata haya."

Kumbe ulijua. Ulikuwa mjane, na kila jioni ulisema mbele yangu kwamba atakuja. Hukuweka msiba, hukulia na watu, yote hayo ili mimi nisiaibike kwa mama yangu kulala njaa. Nimeaibika, Maman. Nimeaibika hadi kuangalia masufuria yako nashindwa.

Bahati nilimfuata mpakani, Rusizi ya Kwanza, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, maana mbele ya watu ndipo nilipomvunjia heshima. Alisema, "Ni sawa, Maman." Bado hajaja kula.

Mama sasa anakula mezani, pamoja na wateja, chakula bila chumvi, nami nakaa karibu mpaka amalize. Jumapili tutaketi hapa na majirani tumlilie Papa Furaha, kwa sababu wewe hukupata nafasi.

Lala salama, mwalimu wangu. Sahani bado naiacha dirishani, bila chumvi, kama ulivyokuwa unaiandaa. Leo asubuhi nimeikuta tupu, na mama alikuwa amelala kwangu, ameshiba. Sijui ni nani. Nakuahidi sitauliza.